Kufundisha Seli na Molekuli za Uhai kwa Kidato cha Tano na cha Sita: Hatua, Tahadhari na Makosa ya Kuepuka

Walimu wa Baiolojia wa kidato cha tano na cha sita huuliza swali moja kwa maneno tofauti: inakuwaje mwanafunzi aliyekariri kazi ya kila sehemu ya seli, na anayeweza kuchora mitokondria bila kutazama kitabu, ashindwe kueleza kwa nini chembe nyekundu ya damu hupasuka ikitiwa kwenye maji matupu ilhali seli ya kitunguu haipasuki? Jibu liko kwenye mpangilio wa ufundishaji kuliko kwenye akili ya mwanafunzi. Mara nyingi mada ya seli hufundishwa kama orodha ya majina na kazi, kisha mada ya molekuli za uhai, yaani kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki, hufundishwa kama orodha nyingine, na mwanafunzi hubaki na orodha mbili bila kuonyeshwa mahali zinapokutana.

Ushauri unaotolewa hapa umesimama juu ya msingi mmoja: kila sehemu ya seli ielezwe kwa molekuli zinazoiunda, na kila molekuli ielezwe kwa kazi inayoifanya ndani ya seli. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia shule ya kawaida ya Tanzania, yenye wanafunzi wengi, hadubini chache na vitendanishi vya kubania.

## Mpangilio wa mada: kipi kitangulie

Wapo wanaoanza na molekuli kwa hoja kwamba ndizo ndogo zaidi, na wapo wanaoanza na seli kwa hoja kwamba ndiyo inayoonekana. Utaratibu wenye manufaa zaidi ni wa kwenda na kurudi, ambao mwalimu anaweza kuupanga hivi:

1. Kuona seli. Vipindi vya kwanza vitumike kwenye hadubini, kuchora na kupima ukubwa, bila kutaja zaidi ya sehemu nne au tano zinazoonekana kweli.
2. Kushuka kwenye molekuli. Hapa hufundishwa maji, kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki, pamoja na majaribio ya kuzitambua katika vyakula.
3. Kurejea kwenye seli. Utando, kiini, ribosomu, mitokondria na kloroplasti sasa huelezwa kwa kutumia molekuli ambazo mwanafunzi amekwisha kuzifahamu.
4. Kuiona seli ikifanya kazi. Vimeng'enya na upitishaji wa vitu kwenye utando hufunga mada, kwa sababu hapo ndipo umbo la molekuli na kazi ya seli hukutana.

Kosa la kawaida ni kuanza na mchoro wa seli ulionakiliwa ubaoni ukiwa na majina ishirini, mchoro ambao huonyesha vitu ambavyo hadubini ya shule haiwezi kuvionyesha, na hivyo humfanya mwanafunzi aamini kwamba alichokiona mwenyewe kina kasoro.

## Kabla ya kuanza: kupima wanachokiamini

Wanafunzi wa kidato cha tano huja na mawazo yaliyojengeka tangu kidato cha kwanza, na mawazo hayo yasipofichuliwa mapema huendelea kuishi chini ya maelezo mapya. Inatosha mwalimu kusoma sentensi chache na kumtaka kila mwanafunzi aandike kama ni kweli au si kweli, pamoja na sababu. Mawazo potofu yanayojitokeza zaidi ni haya:

- Seli za mimea zina kloroplasti badala ya mitokondria. Ukweli ni kwamba mmea nao hupumua, hivyo seli zake zina mitokondria.
- Kila seli ya mmea ina kloroplasti. Seli za kitunguu kilichokua chini ya ardhi hazina, na mwanafunzi atalithibitisha hilo kwa macho yake.
- Utando wa seli na ukuta wa seli ni kitu kimoja.
- Mitokondria hutengeneza nishati. Nishati haitengenezwi, huhamishwa kutoka kwenye chakula na kuwekwa kwenye molekuli ya ATP, ambayo seli huitumia katika shughuli zake.
- Kimeng'enya ni kiumbe hai, na kikichemshwa "hufa". Kimeng'enya ni molekuli, na kwa sehemu kubwa vimeng'enya ni protini. Kinachotokea ni kuharibika kwa umbo lake.
- Seli ni bapa, kwa sababu ndivyo inavyochorwa.

Majibu hayo yahifadhiwe na yarudishwe kwa wanafunzi mwishoni mwa mada ili wayasahihishe wenyewe.

## Ukubwa kwanza, majina baadaye

Mwanafunzi asiyekuwa na picha ya ukubwa huweka atomu, molekuli na seli katika kapu moja. Kwa hiyo ni muhimu vipimo viwili vizoeleke mapema: maikromita, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na nanomita, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya maikromita. Mwalimu anaweza kubandika ukutani mfululizo huu na kuurejea mara kwa mara:

- Seli ya kitunguu: urefu wa takribani robo ya milimita, yaani maikromita 250 hivi.
- Chembe nyekundu ya damu ya binadamu: upana wa maikromita 7 hadi 8.
- Bakteria wengi: maikromita 1 hadi 5.
- Ribosomu: nanomita 20 hadi 30.
- Utando wa seli: unene wa nanomita 7 hadi 8.

Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi, na kwa sababu hiyo hakuna mwanafunzi atakayeona ribosomu shuleni hata akipewa lenzi safi kiasi gani. Picha zake za vitabuni zimetokana na hadubini ya elektroni.

Hesabu ya ukuzaji, ambayo ni ukubwa wa picha kugawanya kwa ukubwa halisi, huwapotezea wengi alama kwa kosa la kutobadilisha vipimo. Mfano mmoja ukirudiwa hutosha: picha ya mitokondria ina urefu wa milimita 40 na imekuzwa mara 20,000, milimita 40 ni sawa na maikromita 40,000, nazo zikigawanywa kwa 20,000 hupatikana maikromita 2.

## Hadubini na kitunguu: hatua za somo la kwanza

Robert Hooke alipochapisha michoro yake ya kizibo mwaka 1665 aliona kuta tupu za seli zilizokufa. Mwanafunzi mwenye kitunguu maji chekundu ana bahati zaidi, kwa kuwa anaona seli hai zenye rangi yake ya asili.

1. Kitunguu hukatwa vipande vinne, gamba moja nene hutolewa, na ngozi nyembamba ya upande wa nje, yenye rangi ya zambarau, hubanduliwa kwa wembe na vidole.
2. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo huwekwa kwenye tone la maji juu ya slaidi, kikiwa kimenyooka bila kujikunja.
3. Kifuniko cha slaidi hushushwa kwa kuinamishwa upande mmoja ili hewa itoke.
4. Utazamaji huanza na lenzi yenye ukuzaji mdogo kabisa, ndipo lenzi kubwa ifuate.
5. Rula ya plastiki angavu huwekwa chini ya lenzi ndogo ili kupima upana wa duara linaloonekana. Iwapo duara lina upana wa milimita 4 na seli 16 zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, basi kila seli ina urefu wa milimita 0.25.
6. Mwanafunzi huchora seli tatu tu zilizopakana, kwa penseli iliyochongwa, mistari ikiwa mmoja mmoja, bila kivuli, na mistari ya majina isipishane.

Kisha tone la maji ya chumvi huwekwa ukingoni mwa kifuniko na kuvutwa upande wa pili kwa karatasi inayonyonya maji. Baada ya muda mfupi sehemu ya zambarau hunywea na kujitenga na ukuta wa seli, na ukuta hubaki mahali pake. Mwanafunzi aliyeliona hilo hatachanganya tena utando na ukuta.

Tahadhari na makosa:

- Slaidi yenye viputo vya hewa humdanganya mwanafunzi, naye huchora kiputo cheusi kama kiini. Aonyeshwe kiputo mapema.
- Wanafunzi wengi huchora mchoro wa kitabuni badala ya walichokiona. Alama zitolewe kwa mchoro wa kweli hata kama una sehemu tatu tu.
- Damu ya wanafunzi isitumike, kwa sababu ya hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Slaidi zilizotayarishwa zinatosha. Iwapo seli za shavuni zitachukuliwa, kila mwanafunzi ashughulike na zake peke yake, na kijiti kitumbukizwe kwenye dawa ya kuua vijidudu mara baada ya kutumika.

Shule isiyo na hadubini hata moja bado inaweza kufanya somo la chumvi kwa vipande vya kiazi mviringo vyenye urefu sawa, kimoja kikiwekwa kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi, kisha vikapimwa na kukunjwa kwa vidole baada ya saa moja. Kilichokuwa kwenye maji matupu huwa kigumu, na kilichokuwa kwenye chumvi hulegea na kufupika.

## Maswali manne kwa kila molekuli

Molekuli za uhai zisifundishwe kwa sura nne zisizofanana. Kila moja iulizwe maswali yaleyale, na majibu yaandikwe kwenye jedwali moja linalokua kipindi hadi kipindi:

1. Imejengwa na vipande gani vidogo?
2. Vipande hivyo vimeunganishwa kwa kifungo gani, na maji yana nafasi gani katika kuunganisha na kutenganisha?
3. Umbo lake linaisaidia kufanya kazi gani?
4. Inapatikana wapi ndani ya seli?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Wanga na selulosi zote mbili hujengwa na glukosi, lakini namna glukosi zinavyounganishwa katika wanga huufanya mnyororo ujisokote na kufaa kuhifadhiwa, ilhali katika selulosi minyororo hunyooka, hujipanga sambamba na kushikana, na hivyo hufaa kuwa ukuta. Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa, na kwa sababu hiyo, zikiwa ndani ya maji, fosfolipidi hujipanga zenyewe tabaka mbili, mikia ikiwa ndani. Mwanafunzi aliyeelewa hapo ataweza kuujenga utando wa seli kichwani mwake kabla hajaonyeshwa mchoro uliopendekezwa na Singer na Nicolson mwaka 1972.

Kwa protini, hakuna mfano unaofaa katika nchi zetu kuliko selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo wa beta una asidi amino 146. Katika selimundu, asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta, ambayo ni asidi glutamiki inayopenda maji, imechukuliwa nafasi na valini inayoyakwepa. Hemoglobini ikiachia oksijeni, sehemu hizo zinazokwepa maji hunasana, nyuzi ndefu hujengeka, na chembe nyekundu hupinda na kuziba mishipa midogo. Mfano huo pia hufungua mlango wa mada ya urithi, kwa sababu mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wenye nakala moja tu ya jeni ya selimundu hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria.

Katika kulifundisha jambo hili, uangalifu unahitajika, kwa kuwa darasani huenda yumo mwanafunzi mwenye selimundu au aliyefiwa na ndugu kwa sababu hiyo. Asiombwe mtu ajitaje, wala ugonjwa usizungumzwe kama mkosi.

## Majaribio ya vyakula: utaratibu na mitego yake

Majaribio haya hutokea mara kwa mara kwenye mazoezi ya vitendo, na wanafunzi hupoteza alama kwa pupa kuliko kwa kutojua.

- Wanga. Matone mawili ya iodini huongezwa kwenye sampuli bila kupasha moto; rangi ya buluu iliyokoza hadi nyeusi huonyesha wanga. Tinkcha ya iodini ya duka la dawa, ikizimuliwa kwa maji, hutosha.
- Sukari rahisi, kama glukosi, na baadhi ya sukari pacha, kama laktosi ya maziwa. Kitendanishi cha Benedict huongezwa kwa kiasi sawa na sampuli, kisha neli huwekwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano hivi. Rangi husogea kutoka buluu kwenda kijani, njano, chungwa na hatimaye nyekundu ya tofali, kadiri sukari inavyozidi.
- Sukrosi, ambayo ni sukari ya mezani. Yenyewe haibadilishi Benedict. Sampuli mpya huchemshwa kwanza pamoja na asidi haidrokloriki hafifu, hupozwa, hutiwa bikaboneti ya sodiamu mpaka povu liishe, ndipo Benedict iongezwe na kupashwa moto.
- Protini. Haidroksaidi ya sodiamu hutangulia, kisha salfeti ya shaba hafifu hudondoshwa tone moja moja. Rangi ya zambarau huonyesha protini, na moto hauhitajiki.
- Mafuta. Sampuli hutikiswa na ethanoli, kisha ethanoli hiyo humiminwa kwenye maji; ukungu mweupe kama maziwa huonyesha mafuta.

Mitego inayorudiwa ni hii:

1. Kusahau kuondoa asidi kabla ya kuweka Benedict katika jaribio la sukrosi, jambo linalolifanya jaribio lishindwe hata sukari ikiwemo.
2. Kuhitimisha kwamba sukrosi ipo pale ambapo sampuli ilikuwa imekwisha kubadilisha rangi kabla ya kuchemshwa na asidi. Linganisho la ukolevu wa rangi kabla na baada ndilo linalotoa jibu.
3. Kumwaga salfeti ya shaba nyingi, ambayo buluu yake huifunika zambarau.
4. Kupasha ethanoli moto wa moja kwa moja. Ethanoli hushika moto upesi. Ikihitaji joto, neli iwekwe kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni.
5. Kuandika "hakuna kilichotokea". Mwanafunzi aandike alichokiona, kwa mfano kwamba buluu ya Benedict ilibaki vilevile, na hitimisho lifuate katika safu yake.

Sampuli bora kwa somo la kwanza ni ndizi mbili za aina moja, moja mbichi na nyingine iliyoiva sana. Mbichi huwa nyeusi kwa iodini na hubadilisha Benedict kidogo tu. Iliyoiva hufanya kinyume chake. Darasa likiulizwa ni nini kilichougeuza wanga kuwa sukari bila moto na bila asidi, somo la vimeng'enya linakuwa limejileta lenyewe.

## Vimeng'enya: kuonyesha umbo kwa matokeo

Jaribio la ini na peroksaidi ya haidrojeni iliyozimuliwa hufanyika kwa neli tatu: ya kwanza ina kipande cha ini kibichi, ya pili ini lililochemshwa, na ya tatu ini lililoloweshwa kwenye siki. Katika ya kwanza povu la oksijeni hupanda kwa kasi, kwa sababu ya kimeng'enya kiitwacho katalesi. Katika ya pili halipandi. Na katika ya tatu kwa kawaida hupungua. Urefu wa povu upimwe kwa rula ili matokeo yawe na tarakimu. Mahali ambapo ini halipatikani, kiazi mviringo kibichi hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi ndogo.

Wapishi hupaka nyama papai bichi ili ilainike, na kinachofanya kazi hapo ni papaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Wanafunzi waulizwe kwa nini papai lililochemshwa kwanza halitalainisha nyama. Jibu linalotakiwa ni kwamba joto limeharibu umbo la papaini, na hivyo mahali pake pa kushikia protini hapalingani tena. Jibu la kwamba "imekufa" lisahihishwe palepale.

## Kurejea kwenye seli: kufuatilia molekuli moja

Badala ya kueleza oganeli moja moja, mwalimu achague protini moja na kuifuatilia safari yake. Insulini inafaa, kwa kuwa ni ndogo, ina asidi amino 51 katika minyororo miwili ya 21 na 30, na wanafunzi wengi wanamjua mgonjwa wa kisukari. Kadi huandikwa hatua, huchanganywa, na vikundi huzipanga: maelekezo kutoka kwenye DNA ya kiini, nakala ya RNA, ribosomu, retikulamu endoplazimu yenye ribosomu, mfumo wa Golgi, kifuko cha kusafirishia, utando, na damu. Kila kikundi kieleze nini kingetokea kama hatua moja ingekosekana, na kwa nini seli za kongosho zina retikulamu yenye ribosomu kwa wingi kuliko seli za misuli. Zoezi hili hufundisha oganeli sita kwa pamoja na huacha sababu, si orodha.

Ulinganisho wa seli na kiwanda unaopatikana katika vitabu vingi utumike kwa hadhari. Husaidia mwanzoni, lakini humfanya mwanafunzi afikiri kwamba kiini "huamuru" na kwamba oganeli hukaa mahali pamoja, ilhali vitu ndani ya seli husogea, hugongana, hujengwa na kuvunjwa kila wakati. Mwanafunzi apewe kazi ya kutaja pale ulinganisho unapokosea.

Hapa pia ndipo swali la chembe nyekundu na kitunguu hupata jibu kamili. Maji huingia katika seli zote mbili kwa osmosi, yaani kwa kupita kwenye utando kutoka penye maji mengi huru kwenda penye machache. Chembe nyekundu ina utando pekee bila ukuta, nao hauwezi kutanuka sana, hivyo hupasuka. Seli ya kitunguu ina ukuta wa selulosi unaousukuma utando kurudi ndani mpaka maji yasiweze kuendelea kuingia.

## Somo la kuunganisha: kutoa DNA kwenye ndizi

Somo hili huhitaji vitu vya dukani, na ndilo linaloonyesha lipidi, protini na asidi nukleiki mahali pamoja.

1. Nusu ya ndizi mbivu hupondwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na maji kidogo.
2. Nusu kikombe cha maji huchanganywa na kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya sabuni ya maji, polepole bila kutoa povu.
3. Mchanganyiko huo hutiwa kwenye ndizi na kuachwa dakika kumi.
4. Uji unaopatikana huchujwa kwa chujio la chai lililotandikwa kitambaa safi.
5. Matone machache ya maji ya papai bichi huongezwa na kuachwa dakika chache.
6. Ethanoli iliyopozwa sana humiminwa taratibu ubavuni mwa neli ili ikae juu kama tabaka.

Nyuzi nyeupe zinazoteleza huanza kuonekana pale tabaka mbili zinapokutana, na huweza kuzungushwa kwenye kijiti. Kila hatua iulizwe sababu yake: sabuni imevunja utando wa seli na wa kiini kwa sababu umejengwa na lipidi, papai limekata protini zinazoifunga DNA, chumvi imetuliza chaji hasi za fosfeti ili nyuzi zikusanyike, na DNA imejitokeza kwa sababu haiyeyuki katika ethanoli. Wanafunzi waelezwe wazi kwamba wanachokiona ni fungu la nyuzi nyingi mno zilizochanganyika na RNA na mabaki ya protini, na kwamba mzingo pacha uliotangazwa na Watson na Crick mwaka 1953, kwa kutegemea sana picha za eksirei za Rosalind Franklin na wenzake, hauonekani kwa macho. Jiko lisiwashwe chumbani wakati ethanoli inatumika.

## Majibu kwa mashaka ya walimu

"Muhtasari ni mrefu, na vitendo vinakula muda." Muda unaopotea zaidi ni ule wa kufundisha jambo moja mara tatu. Somo la kitunguu hugusa hadubini, vipimo, utando, ukuta na osmosi kwa vipindi viwili.

"Darasa lina wanafunzi themanini." Vituo vinne vinaweza kuendeshwa kwa pamoja: kimoja cha hadubini, kimoja cha majaribio ya vyakula, kimoja cha kadi na kimoja cha hesabu za ukuzaji, vikundi vikizunguka. Kila kituo kiwe na karatasi ya maelekezo na mwanafunzi kiongozi aliyefundishwa siku iliyotangulia.

"Mtihani unataka majina." Mtihani unataka majina na maelezo, na maswali yenye alama nyingi huanza na kwa nini au vipi. Mwanafunzi anayejua sababu hulikumbuka jina. Anayejua jina tu hawezi kuzua sababu.

"Mtihani ni wa Kiingereza, je, Kiswahili kitumike?" Kitumike pale wazo linapokwama. Mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili mpaka mwalimu aridhike kwamba ameelewa, kisha aandike sentensi mbili za Kiingereza zenye istilahi sahihi, na sentensi hizo zisahihishwe. Kuruka hatua ya kwanza huzaa kukariri, na kuruka ya pili humwacha mwanafunzi bila maneno ya kujibia mtihani.

## Neno la mwisho kwa walimu na wakuu wa shule

Mwalimu hana haja ya kusubiri maabara kamili ndipo abadilishe ufundishaji wake. Achague somo moja kati ya haya, alijaribu mwenyewe siku moja kabla, aandike kilichoharibika, kisha alipeleke darasani, na muhula unaofuata aongeze jingine. Wakuu wa shule nao wana wajibu wao: kupanga vipindi viwili mfululizo vya Baiolojia kila wiki kwa ajili ya vitendo, na kutenga fedha za iodini, Benedict, ethanoli na slaidi mwanzoni mwa mwaka badala ya wiki chache kabla ya mtihani. Daktari, muuguzi na mtaalamu wa maabara wa kesho yumo katika madarasa haya, naye anastahili kuielewa seli kabla ya kukabidhiwa mgonjwa.